Mgongo wazi nao unahitaji mkaguzi

Jumapili soko la Kibuye jijini Kisumu hufurika mpaka pembezoni mwa barabara ya Jomo Kenyatta. Kuna mitumba, vitanda vya mbao, nyanya, omena kwa gorogoro, na mgongo wazi: mifupa ya mbuta iliyosalia baada ya viwanda kuchukua minofu, ikakaangwa na kuuzwa kwa wasiomudu samaki mzima. Anayetegemewa kuhakikisha walaji hawa hawadhuriki ni afisa wa afya ya umma, au bwana afya, jina ambalo Wakenya humwita hata akiwa mwanamke.

Nguvu zake nyingi zinatoka kwenye Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyoanza kutumika mwaka 1921. Aweza kuingia, kukagua, kutoa ilani na kushtaki. Ndiyo maana sokoni wengi humwona kama askari. Akitokea upande huu, upande ule sufuria zinafunikwa haraka na asiye na cheti cha afya anakumbuka ana shughuli kwingine.

Lakini kipindupindu hakiogopi ilani. Katika mitaa ya Manyatta na Nyalenda, wanakotoka wanunuzi na wauzaji wengi, visima vifupi vimechimbwa jirani na vyoo vya shimo. Maji ya aina hiyo hayatambuliki kwa macho. Bwana afya anapaswa kupima klorini papo hapo, kuchukua sampuli bila kuichafua, kuifikisha maabara ikiwa baridi ndani ya saa 24, kisha kumweleza mama muuza chakula, kwa Dholuo au Kiswahili kisicho cha ofisini, matokeo yana maana gani kwa ndoo yake. Jambo hilo la mwisho ni ufundi kamili, na halipatikani kwa kukariri vifungu vya sheria.

Ziwa Victoria lenyewe lina ushahidi kwamba ujuzi wa namna hii unajengeka. Kati ya 1997 na 2000, Umoja wa Ulaya ulizuia mara kadhaa samaki wa ziwa hilo, kwanza kwa hofu ya salmonela na kipindupindu, baadaye kwa sababu ya samaki waliovuliwa kwa sumu. Viwanda vilitikisika, kazi zikapotea. Serikali za Kenya, Uganda na Tanzania zikaamka: wakaguzi wakafunzwa, maabara zikaimarishwa, usafi na barafu vikaanza kufuatiliwa tangu ufukweni. Soko likafunguliwa tena.

Kwa hiyo minofu iendayo Ulaya ina mkaguzi mwenye vipimo. Mifupa ya samaki yuleyule, inayoliwa mtaani Obunga na sokoni Kibuye, inaachiwa jicho na pua. Hapo pana ubaguzi wa tumbo, na si kosa la bwana afya mmoja mmoja.

Wanafunzi wa afya ya mazingira wa chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, wangepaswa kufanya sehemu ya mafunzo yao Kibuye penyewe, siku ya Jumapili, wakiwa na kipimajoto na kipima klorini mkononi. Baraza linalosajili maafisa wa afya ya umma lingeweza kudai, kabla ya kuhuisha leseni, kila mmoja aonyeshe kwa vitendo kwamba anaweza kupima na kueleza. Kaunti nayo inunue vifaa. Mwaka 2023 wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii walizinduliwa nchini wakiwa na mikoba ya vifaa, vikiwemo vya kupima shinikizo la damu. Hakuna sababu ya mkaguzi wa maji na chakula kupewa pungufu ya hapo.