Shule za mpakani ziwafunze vijana kujenga maghala

Mnamo Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ilipiga marufuku mahindi kutoka Uganda na Tanzania, ikisema kwamba yamekutwa na sumukuvu kupita kiasi. Malori yakakwama Busia na Malaba. Siku chache baadaye marufuku hiyo iliondolewa kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuthibitisha kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Tulijadili sana ujirani mwema, bei ya unga na hila za wafanyabiashara. Sikumbuki kusikia mtu akitaja miguu ya ghala.

Nami leo nataka kuizungumzia miguu hiyo. Kuvu haiotei forodhani. Huanzia shambani na nyumbani, mahindi yanapovunwa yakiwa na maji na kurundikwa sakafuni. Mwaka 2004 watu 125 waliaga dunia, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Sisi wa mpakani, tunaovuna kukiwa bado na unyevu mwingi hewani, hatuna sababu ya kudhani kwamba balaa lile lilikuwa la Ukambani peke yake.

La kusikitisha ni kwamba maarifa yenyewe yamo katika silabasi. Somo la Kilimo lina mada ya majengo ya shambani, na mwanafunzi hodari atakutajia kwa Kiingereza safi sifa zote za ghala bora. Mpe msumeno na bati, umwone. Simcheki, kwani nilikuwa kama yeye. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikariri matumizi ya jiriwa na tupa ili nipate alama, huku karakana waliyoijenga wazazi wetu kwa harambee, baada ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985, ikiwa imefungwa kufuli. Ndani hamkuwa na kitu ila viti vilivyovunjika. Sokoni, mwendo wa dakika kumi, palikuwa na fundi bati akigonga tangu asubuhi. Hatukupelekwa kwake hata siku moja. Wakati huohuo tulitungishwa insha juu ya methali isemayo kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali!

Hebu tulitazame ghala lenyewe. Ghala zuri la magunzi huwa jembamba, na ubavu wake mrefu huelekezwa utokako upepo, ili hewa ipenye na kuyakausha. Sakafu yake huinuliwa takriban mita moja, maana panya ni mrukaji. Kisha kila mguu huvikwa bati lenye umbo la pia, mdomo wake mpana ukitazama chini, ili panya apandapo agonge dari asilolitarajia. Bati hilo lisipoushika mguu barabara, panya mdogo atapita katika mwanya na kazi yote itakuwa bure. Kulitengeneza ni kupima mzingo wa nguzo, kuchora duara, kukata kipande chake, kukunja na kubana. Mwalimu wa Hesabu anayehangaika kueleza eneo la pia angepata somo la wiki nzima hapo.

Mwanafunzi aliyehitimu hapo anaweza kupandishwa ngazi, akafundishwa kutengeneza pipa la bati la kuhifadhia nafaka iliyopukuchuliwa. Maungio hutiwa lehemu mpaka hewa isipite, na wadudu waliomo hukosa pumzi wakafa. Lakini mahindi yaingiayo humo sharti yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, la sivyo pipa hilo litageuka kuwa kitalu cha kuvu. Fundi asiyejua kilimo hawezi kumwonya mteja wake, na mkulima asiyejua bati hawezi kuitambua kazi mbovu. Ndiyo maana nasema masomo haya mawili yafunzwe pamoja.

Wala uhunzi si mgeni kwetu. Vilima vya Samia vina mawe ya chuma, na Wasamia waliyayeyusha na kufua majembe yaliyosafiri mbali, mengine yakilipiwa mahari, kabla ya majembe ya ng'ambo kuizima mivukuto yao. Sijaona mwanafunzi akipelekwa huko kama anavyopelekwa Mombasa kutazama Fort Jesus.

Hapa niruhusiwe kusema kama mwanaisimu. Kinachomzuia fundi wa Malaba asiingie darasani ni cheti, na pia ni lugha. Yeye humwelekeza mwanagenzi wake kwa Kiteso, na mteja kwa Kiswahili. Shule humtaka aseme Kiingereza cha mtihani. Matokeo yake ni kwamba mwenye ujuzi hana maneno yanayokubalika, na mwenye maneno hana ujuzi. Kamusi zetu zina fuawe, koleo, jiriwa, timazi na pimamaji. Maneno hayo hayatabaki hai kwa kukaririwa na wanafunzi wangu wa chuo kikuu.

Najua walimu wenzangu watauliza kazi hiyo itasahihishwaje. Mtihani wa Kilimo wa KCSE una mradi, nao kwa kawaida huwa wa mazao au mifugo. Sioni kwa nini usiwe ghala, likaguliwe kwa kuwekwa mahindi ndani. Na mtaala wa umilisi, ambao wanafunzi wake wa kwanza wako gredi ya 10 mwaka huu wa 2026, umeyapa masomo ya ufundi nafasi katika sekondari ya juu. Shule isiyo na karakana na iombe siku mbili kwa wiki katika chuo cha ufundi kilicho karibu, kama kile cha Bumbe, na fundi wa sokoni alipwe kwa saa, aseme Kiswahili chake.

Mahindi ya mvua ndefu huvunwa hapa kwetu Julai na Agosti. Muhula wa pili huanza kabla ya hapo, na ghala la mguu sita halichukui muhula mzima kujengwa.