Jahazi Moja, Bei Tatu



Juma lililopita, baada ya swala ya Isha, alitujia mzee mmoja wa mtaani kwetu akiwa na karatasi tatu mkononi na huzuni usoni. Mwenyezi Mungu amemjaalia watoto watatu, nao wametawanyika kama walivyotawanyika watoto wengi wa pwani hii. Mkubwa yuko Leicester, Uingereza. Wa kati, binti, yuko Minneapolis, Marekani. Na mdogo yuko Hamburg, Ujerumani. Huu ni mwaka wa kumi na moja mama yao hajawaona wote watatu kwenye sinia moja.

Watoto hao walikuwa wamekusudia jambo jema. Waliafikiana kuwachukua wazazi wao katika meli ya matembezi, safari ya siku saba itokayo Barcelona, ipitie Marseille, Genoa, Palermo na Tunis, kisha irudi ilikotoka. Kila mmoja akaenda kuuliza bei mahali aishipo, na kila mmoja akarudi na bei yake. Meli ni ile ile, tarehe ni zile zile, na chumba ni kile kile chenye dirisha. Binti wa Minneapolis aliambiwa dola 1,800 kwa wazazi wawili. Kaka yake wa Leicester aliambiwa pauni 1,600, ambazo kwa kiwango cha siku ile zilifika dola 2,080. Mdogo wao wa Hamburg aliambiwa euro 2,150, karibu dola 2,365.

Hapo ndipo fitina ilipoingia. Binti alisema kwamba kaka zake wamezoea kupunjwa. Kaka akajibu kwamba bei ya Marekani ina mtego ndani yake. Mdogo akanyamaza siku tatu bila kupokea simu. Mama yao alipopata habari alisema, "Basi wanangu, bora nisisafiri kuliko nyinyi msiamkiane."

Mzee alituwekea karatasi zake juu ya mkeka akatuuliza, "Sheikh, nani kati yao amedanganywa?" Tulizisoma karatasi zile usiku ule hadi herufi ndogo za chini, na kesho yake tukampa jibu: hakuna aliyedanganywa. Kila mmoja ameuziwa kitu tofauti chini ya jina moja. Tumeona vema kuyaeleza hayo hapa, kwa kuwa nyumba nyingi zenye watoto ng'ambo huenda zikafikwa na yayo hayo.

Tuanze na bei. Kila soko lina mazoea yake, na kampuni za meli huuza kwa kufuata mazoea ya soko. Zamani matangazo mengi ya Marekani yalitaja nauli peke yake, na ushuru na ada za bandari zikaongezwa baadaye. Tangu tarehe 1 Julai 2024, sheria ya jimbo la California ilipoanza kutumika, kampuni kubwa zimekuwa zikitangaza nauli pamoja na ushuru na ada hizo. Lakini bakshishi za watumishi bado ziko nje ya bei. Aghalabu hukatwa kila siku katika hesabu ya chumba, kiasi cha dola 16 hadi 20 kwa kila mtu. Katika karatasi ya binti yetu ilikuwa dola 18. Zidisha kwa watu wawili na siku saba, utapata dola 252. Kwa hivyo dola 1,800 zake ni dola 2,052.

Uingereza mteja hupendelea kujua mapema jumla ya atakacholipa, na zipo kampuni ambazo hutia bakshishi ndani ya nauli; P&O Cruises ya huko imefanya hivyo tangu mwaka 2019. Karatasi ya Leicester nayo ilisema wazi kwamba bakshishi zimo. Basi ile tofauti ya dola 280 iliyowagombanisha ndugu wawili ilibaki dola 28.

Ama karatasi ya Hamburg, hiyo ilitia bakshishi na pia vinywaji vya siku zote saba. Soko la Ujerumani limezoea bei ya namna hiyo. Meli za Mein Schiff, kwa mfano, huuzwa vinywaji vingi vikiwa ndani ya nauli. Lakini tazameni ni vinywaji gani: mvinyo na bia ndivyo vinavyoipandisha bei ile. Wazazi wale wangelipia wasichokunywa na wasichoruhusiwa kukinywa. Tulimshauri kijana aombe bei isiyo na vinywaji, na hilo likampa sababu ya kupokea simu tena.

Hadi hapa mtu atadhani kwamba mambo yamesawazika, na kwamba kila mmoja anaweza kulipa popote. La hasha. Kilichotutia wasiwasi kilikuwa katika masharti, hasa masharti ya arbuni.

Nchini Marekani, arbuni ya safari za meli kwa kawaida hurudishwa yote ikiwa mnunuzi atabadili nia kabla ya siku ya malipo ya mwisho, ambayo huwa baina ya siku 75 na 90 kabla ya safari. Aidha, bei ikishuka kabla ya siku hiyo, mnunuzi huweza kuomba apewe bei mpya. Lakini siku hizi zipo pia nauli za chini kidogo ambazo arbuni yake hairudi, na ofa hizo mbili huweza kuwekwa bega kwa bega katika ukurasa mmoja. Mwenye haraka huchagua ya chini bila kusoma.

Uingereza mambo ni kinyume. Arbuni ikishatolewa kwa kawaida hairudi, hata ikiwa safari iko mwaka mzima mbele, na bei ikishuka kesho yake mnunuzi hana dai. Badala yake sheria imempa ngao nyingine. Kanuni za safari za pamoja za mwaka 2018, zenye asili moja na agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2015, zinamtaka muuzaji aweke dhamana ili kampuni ikifilisika fedha za wateja zisipotee. Kampuni ikiivunja safari, hurudisha fedha ndani ya siku 14. Ikiongeza bei kwa zaidi ya asilimia 8, mteja ana haki ya kujitoa na kurudishiwa chake. Na mtu akishindwa kusafiri, anaweza kumpa mwingine nafasi yake kwa kutoa taarifa angalau siku 7 kabla, akalipa gharama za mabadiliko tu.

Ujerumani ina ngao hizo hizo, na mahakama ya juu ya huko iliongeza jambo mwezi wa Desemba 2014: arbuni kwa kawaida isizidi asilimia 20, na salio lisidaiwe mapema kuliko siku 30 kabla ya safari. Linganisheni siku 30 hizo na siku 90 za Marekani.

Je, Marekani haina ngao? Inayo. Kamisheni yake ya usafiri wa bahari huzitaka kampuni ziweke dhamana kwa ajili ya abiria. Lakini dhamana hiyo ni ya wanaopandia meli katika bandari za Marekani, na wazazi wetu watapandia Barcelona. Kwa hivyo binti yao, akinunua Minneapolis, anapata uhuru wa kubadili nia hapo mwanzo lakini anaikosa ile ngao ya Ulaya.

Mzee alituuliza, "Sasa kipi bora?" Tukamjibu kwa kumuuliza: mna viza?

Hawakuwa nazo. Na hapa ndipo tofauti baina ya familia yetu na familia ya Kizungu inunuayo chumba cha jirani. Mwenye pasi ya Kenya hawezi kuingia Uhispania bila viza ya Schengen, na kwa kuwa meli itatoka kwenda Tunis kisha irudi Barcelona, viza hiyo lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima, nayo hairudi hata ukinyimwa. Kunyimwa viza hakuhesabiwi kuwa kosa la muuzaji, si Uingereza, si Ujerumani, si Marekani. Mzee mwenyewe alitukumbusha rafiki yake aliyelipa safari yote mapema ili awafurahishe wajukuu, viza ikakataliwa, na fedha za miaka miwili ya akiba zikazama bila yeye kuiona meli.

Jambo hili la arbuni si geni katika fiqhi. Wanazuoni wengi wa kale, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Imam Shafii, hawakuiruhusu arbuni isiyorudi, kwa kuwa muuzaji huchukua mali pasipo badali. Imam Ahmad bin Hanbal aliijuzisha, akitegemea khabari ya nyumba iliyonunuliwa Makka kwa ajili ya Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amridhie. Mwaka 1993, Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu lilipokutana Brunei, liliijuzisha kwa sharti kwamba muda wa kungojea uwe umewekewa kikomo, na likaihesabu ijara kuwa sawa na mauzo katika hili. Sisi hatukuja hapa kuwahukumu wafanyabiashara wa nchi za mbali. Tunalotaka ni kuwaonyesha kwamba wanazuoni wetu waliliona zamani lile lililomo katika karatasi zile tatu: mwenye kutoa arbuni ananunua muda wa kufikiri, na muda huo una thamani yake. Mkataba ukishafungwa tumeamrishwa kuutimiza, kwa hivyo tuujue kabla ya kuufunga.

Tuliwapigia simu watoto wote watatu kwa pamoja, baba yao akiwa kando yetu, na shauri letu lilikuwa hivi. Binti ainunulie wazazi nafasi kwa arbuni ya kurudishwa, na sharti hilo aliombe kwa maandishi pamoja na tarehe yake ya mwisho. Kwanza amwambie wakala ukweli kwamba wazazi wanaishi Kenya, kwani kampuni nyingi huuza kwa kufuata nchi ya makazi, na mkataba uliojengwa juu ya uwongo huvunjika siku ya shida. Kwa sababu hiyo hiyo kila kaka ajinunulie chumba chake katika nchi yake, kisha waombe kampuni iunganishe namba za tiketi zao ili wale meza moja.

Wazazi nao waombe viza mara mlango ukifunguliwa, yaani miezi sita kabla ya safari. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, na huweza kufika 45. Tangu miezi sita hadi siku ya 90 kuna nafasi ya kutosha. Viza ikipatikana kabla ya siku hiyo, binti alipe salio. Isipopatikana, avunje, achukue arbuni yake, na familia ikutane kwa njia nyingine. Tulimwambia kwamba hata siku moja ya kuchelewa isiruhusiwe, kwa kuwa baada ya siku ile uhuru alioununua unakwisha.

Kaka wa Leicester aliuliza, "Na zile dola 28, Sheikh?" Dada yake alicheka kabla hatujajibu, na ikawa mara ya kwanza kusikika kicheko baina yao kwa wiki nzima.

Mengine tuliyoulizwa, ya chakula na swala melini, tutayaandika siku nyingine inshallah. Kwa sasa arbuni imetolewa, na siku ya miadi ya viza imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni. Chini yake mama ameandika kwa mkono wake majina ya watoto wake watatu. Viza itatoka au haitatoka, hilo liko kwa Mola wetu. Tunawaomba wasomaji wetu wamuombee dua.

Wabillahi tawfiq.