Endometriosisi: Ushauri wa ‘ukizaa utapona’ wawaweka wanawake gizani

MWAKA 2017, Miss Tanzania wa mwaka 2001, Millen Magese, alijifungua mtoto wa kiume, baada ya kueleza hadharani kwa miaka kadhaa jinsi endometriosisi ilivyomtesa na kumtatiza kupata ujauzito.

Habari hiyo iliwapa wengi matumaini. Hata hivyo, isichukuliwe kuwa uthibitisho wa ushauri wanaopewa wasichana wengi wanaolalamikia maumivu makali ya hedhi, kwamba wakizaa watapona.

Katika maradhi hayo, tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, hasa kwenye ovari, mirija ya uzazi na nyonga, na kusababisha maumivu na makovu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa wanawake na wasichana wapatao milioni 190, sawa na asilimia 10 ya walio katika umri wa kuzaa, wanaugua.

Mwongozo wa wataalamu wa uzazi wa Ulaya wa mwaka 2022 unaelekeza kuwa mgonjwa asishauriwe kubeba mimba kwa lengo la kujitibu tu, kwani si kila mara nafuu hupatikana.

Aidha, mimba yenyewe inaweza kuwa na hatari zake. Utafiti wa Scotland uliotangazwa mwaka 2015, uliopitia kumbukumbu za wanawake za miaka 30, ulibaini kuwa uwezekano wa mimba kuharibika kwa wenye maradhi hayo ulikuwa mkubwa zaidi kwa asilimia 76 kuliko kwa wasio nayo. Uwezekano wa mimba kutunga nje ya mji wa mimba ulikaribia mara tatu. Makovu yakibana mirija, yai lililorutubishwa huweza kukwama njiani.

Takwimu hizo hazimaanishi kwamba wanawake 76 kati ya 100 hupoteza mimba. Hulinganisha makundi mawili tu, na wagonjwa wengi wanaoshika mimba hujifungua salama.

Tatizo ni kutojua. Mwanamke aliyeambiwa kuwa kuzaa ndiyo dawa, mimba inapoharibika hujilaumu, au hulaumiwa na wakwe kuwa amebeba mizigo mizito, na wengine husema ni mkono wa mtu.

Kutojua huko huweza kuua. Maumivu makali ya tumbo, hasa ya upande mmoja, kutokwa damu na kizunguzungu katika wiki za mwanzo ni dalili za mimba iliyotunga nje. Aliyezoea kuumwa kila mwezi anaweza kuzipuuza hadi mrija upasuke.

Kwa hiyo, swali kuhusu maumivu ya hedhi halina budi kuulizwa mapema, mjamzito anapohudhuria kliniki kwa mara ya kwanza. Halihitaji mashine wala fedha za wafadhili. Linahitaji mhudumu atakayeuliza, na kuliamini jibu atakalopewa.