Joho la Safari
Fundi cherehani mmoja hapa Mpemba, ambaye baraza yake yatazama barabara kuu iendayo Tunduma, aliniuliza juzi, huku akipinda gauni la kitenge kilichovushwa kutoka Nakonde, iwapo wafalme nao hupimwa kwa futikamba kama sisi raia. Nami nikamjibu kuwa hupimwa, tena kwa tahadhari kubwa, kwani mtawala aendapo ng'ambo hutazamwa kabla hajasikilizwa.

Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, alipozuru Uingereza mwaka 1875, hakuona dharura ya kuazima suti ya wenyeji wake, bali alisimama mbele ya wapiga picha wa London katika joho na kilemba chake. Na kwa rai yangu, vazi lile lilitangaza dola yake kabla mkalimani hajafumbua kinywa. Naye Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, ambaye gauni lake la kutawazwa mwaka 1953 lilitariziwa maua ya nchi za Jumuiya ya Madola, alishonewa vizito vidogo katika pindo za nguo zake, ili upepo wa viwanja vya ndege usimfedheheshe.

Basi mimi siafiki kwamba viongozi wetu, wakisafiri kwa niaba yetu, washonewe huko waendako, ilhali mafundi tunao.

Habari ya vile vizito ilimchekesha fundi wangu. Akainua gauni, akalitikisa mbele ya upepo wa lori lililopita, akalitazama pindo, kisha akalifumua.