Milima Miwili Iliyobaki Nairobi

Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971 jirani na stesheni kuu, zimesimama injini mbili za mvuke za daraja la 59. Injini za daraja hilo zilitengenezwa 34 na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila moja na uzito wa tani zipatazo 250, na hakuna injini ya mvuke iliyozishinda nguvu katika reli za upana wa mita moja popote duniani. Kazi yao ilikuwa kupandisha mizigo kutoka pwani ya Mombasa hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kila moja ilipewa jina la mlima. Zilizosalimika ni Mount Gelai na Mount Shengena.

Gelai uko kando ya Ziwa Natron. Shengena uko Upare. Yote miwili ni milima ya Tanzania, na humo humo makumbushoni kuna injini nyingine, Nyaturu, yenye jina la watu wa Singida. Lililotoa majina hayo lilikuwa shirika moja lililohudumia nchi tatu: tangu 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya uongozi mmoja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo ilivunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na kila nchi ikabaki na mali iliyokutwa kwake siku hiyo. Mgawanyo ule ndio unaoendelea kutawala namna tunavyohifadhi reli, na toleo hili linaupinga.

Makumbusho yetu yamejali sana chuma na kisa cha simba. Mgeni ataonyeshwa behewa ambamo Charles Ryall, ofisa wa polisi, alinyakuliwa na simba usiku mmoja wa mwaka 1900 pale Kima, na ni haki aonyeshwe. Lakini vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Waafrika waliobeba mataruma na maji hawakuhesabiwa hata kwa makini ya namna hiyo. Kisha wakaja madereva, mafayamani, magadi na mafundi wa karakana, waliokaa kwenye landhi, yaani nyumba za wafanyakazi, za Muthurwa na kuhamishwa kutoka Tabora hadi Nakuru hadi Kampala kwa barua moja. Watoto wao walizaliwa nchi moja, wakasoma nyingine.

Ujuzi wao ndio unaotoweka haraka kuliko kutu inavyokula chuma. Boila iliyopoa haiwashwi kwa pupa; moto hupandishwa polepole ili chuma kitanuke kwa pamoja, na mwenye kujua wakati wa kuongeza mafuta husikiliza zaidi ya anavyotazama. Mount Gelai iliwahi kufufuliwa mwanzoni mwa karne hii ikavuta tena mabehewa, kwa sababu walikuwepo waliokumbuka. Fayamani kijana wa mwishoni mwa miaka ya 1970 leo ni mzee.

Treni za reli mpya zilianza kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na Tanzania nayo ina treni za umeme hadi Dodoma. Tunazifurahia. Zisiwe kisingizio cha kuuza vichwa vya zamani kwa kilo.

Tunaiomba Jumuiya ya Afrika Mashariki iunde daftari moja la mali ya kihistoria ya reli: injini, mabehewa, michoro, majengo ya stesheni, kumbukumbu za wafanyakazi, bila kujali upande wa mpaka. Tunaomba pia vijana wa vyuo vya ufundi vya nchi zote tatu wapelekwe Nairobi wajifunze kwa wazee hao wa injini za mvuke, mikono ikiwa kwenye valvu. Nanyi wasomaji wenye vitabu vya safari, tiketi, picha za karakana au baba aliyestaafu relini, tuandikieni. Kurasa za toleo lijalo tumezitenga kwa ajili yenu.