Asiyekubali Kushindwa si Mshindani: Hofu na Ujasiri Ulingoni

Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Aghalabu methali hii hutajwa baada ya pambano ili kumliwaza aliyeangushwa. Ni nadra kutajwa kabla ya pambano, wakati mwanandondi chipukizi anapofungwa bendeji mikononi, koo limemkauka, na kila apitaye humwambia neno moja tu: "Usiogope." Hapana shaka neno hilo hutolewa kwa nia njema. Hata hivyo, halimfai, kwa kuwa humfanya aione hofu yenyewe kuwa aibu, akabebeshwa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Anachostahili kufunzwa ni kuukubali mapema uwezekano wa kushindwa. Hapo ndipo ujasiri wa kweli huanzia.

Lugha yenyewe inaunga mkono hoja hii. Kutokana na kitenzi "shinda" hupatikana kauli ya kutendwa, "shindwa", na kauli ya kutendana, "shindana". Nomino "mshindani" hutokana na hiyo ya mwisho. Kauli ya kutendana hudai pande mbili, kila upande ukiwa mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo, anayepanda ulingoni akiamini kwamba kutendwa hakumhusu hajajiandaa kushindana, amejiandaa kushangiliwa.

Kisa cha Floyd Patterson wa Marekani kinastahili kuzingatiwa. Bingwa huyu wa dunia wa uzani mzito alifunzwa na Cus D'Amato, mkufunzi aliyesifika kwa kuwafundisha vijana kwamba hofu ni kama moto: ukidhibitiwa huwa na manufaa, ukiachiliwa huteketeza. Tarehe 26 Juni 1959, jijini New York, Patterson aliangushwa mara saba katika raundi ya tatu na Ingemar Johansson wa Uswidi, akapoteza taji. Tarehe 20 Juni 1960 alimbwaga Johansson, akawa mtu wa kwanza kulitwaa upya taji la uzani huo. Lakini mtu huyohuyo, alipokwenda Chicago mwezi wa Septemba 1962 kupambana na Sonny Liston, alibeba ndevu za bandia katika mizigo yake. Aliposhindwa katika raundi ya kwanza, alizivaa akaondoka asitambuliwe. Aliyethubutu kusimama mbele ya makonde ya Liston hakuthubutu kusimama mbele ya macho ya watu.

Kisa hicho kinadhihirisha kwamba kuna hofu za aina mbili. Ya kwanza ni hofu ya kuumia. Hii ina hekima yake: huharakisha mapigo ya moyo, huyafanya macho yawe makini na huikumbusha mikono kukilinda kidevu. Robert Wangila, aliyeiletea Kenya nishani ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988, alifariki Las Vegas mwezi wa Julai 1994 kutokana na majeraha ya ulingoni. Hakuna mwenye haki ya kumcheka kijana anayeitambua hatari hiyo.

Ya pili ni hofu ya kuaibika, na hii ndiyo yenye madhara makubwa zaidi. Humfanya mwanandondi amfiche daktari kizunguzungu chake na kumlaumu mkufunzi aliyetupa taulo ili kumwokoa. Isitoshe, humharibia mchezo wenyewe. Anayepigana ili asichekwe husita pale anapostahili kurusha konde, maadamu kila konde lirushwalo hufungua mwanya wa kupigwa. Hivyo hofu ya kushindwa huzaa kushindwa kwenyewe.

Je, ujasiri hujengwaje? Haujengwi kwa maneno ya hamasa pekee, bali kwa ushahidi. Mwanandondi aliyezoeshwa kupambana mazoezini na aliyemzidi uwezo, aliyeanza raundi akiwa tayari amechoka, na aliyejifunza kumkumbatia mpinzani na kupumua taratibu baada ya kupigwa, huwa na jambo la kujikumbusha anapobanwa: amewahi kufika hapo na akatoka. Vilevile, apewe malengo yaliyo katika uwezo wake. Ushindi hutegemea mpinzani na waamuzi. Kuinua mikono, kusogeza miguu na kutangulia kurusha konde la mkono wa mbele hutegemea yeye mwenyewe.

Yamkini wapo watakaopinga kwamba kijana akiruhusiwa kukubali kushindwa, atakuzoea kushindwa. Pingamizi hili lina uzito, lakini linachanganya kukubali na kuridhika. Philip Waruinge wa Kenya alishindwa katika nusu fainali ya uzani wa unyoya katika Olimpiki ya Mexico mwaka wa 1968, akaambulia nishani ya shaba. Hata hivyo, katika michezo hiyohiyo alitunukiwa Kombe la Val Barker, ambalo lilikuwa likipewa mwanandondi mwenye ustadi wa kupigiwa mfano. Hakujificha wala hakuridhika. Mwaka wa 1972, mjini Munich, alirejea na kupata nishani ya fedha. Laiti thamani yake ingalipimwa kwa matokeo ya pambano moja tu, ustadi huo usingalionekana.

Kwa hivyo, jukumu si la mwanandondi peke yake. Watangazaji na mashabiki wanaomwita aliyeshindwa "mzigo" au "gunia la mazoezi" ndio wanaomshonea ndevu za bandia kabla hajapanda ulingoni. Mkufunzi naye, baada ya pambano, aanze kwa kuuliza mwanagenzi wake anajisikiaje na amejifunza nini, kisha ndipo waje kwenye alama. Wahenga walionya pia kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Kijana aliyefunzwa kuikubali hofu yake hana haja ya kukikimbilia kilio hicho ili kukikwepa kicheko. Atapigana kwa uwezo wake wote, ataacha pale inapobidi, na atarudi nyumbani uso wazi.