Sahihi ya Rais au ya Mashine?

Iwapo wakusanya barua zenye sahihi za viongozi, usiharakishe kutoa pesa. John F. Kennedy, Rais wa Marekani kuanzia 1961 hadi 1963, alikuwa akiandikiwa barua nyingi mno. Majibu mengi yalitiwa sahihi na makarani wake, au na mashine iliyoshika kalamu. Utajuaje? Chukua nakala za sahihi mbili, uzipandanishe dirishani penye mwangaza. Zikilingana kila mkunjo, hiyo ni kazi ya mashine, kwani mkono wa binadamu haurudii sahihi sawasawa. Zikitofautiana, usishangilie bado: huenda karani ndiye aliyeandika. Mwulize mjuzi kwanza, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia.